Nani Alimbeba Mwenzake Mtoni Bortai

Fungurume, 3 Julai 1992

Kwa Kaporali Tshilombo, mla nyumbu, huko Kolwezi.

Mwaka mwingine umefika na bado hujafa. Mi pia nipo. Leo ni siku yetu ya Saio, na desturi yetu unaijua: anayeshika kalamu kwanza ndiye aliyembeba mwenzake mtoni. Basi ni mi tena. Sadiki wa lori la unga anangoja nje na injini inanguruma, maana akiizima haiwaki, kwa hiyo nitaandika kama ninavyotembea siku hizi, yaani vibaya.

Asubuhi nilivaa koti na medali nikapita sokoni. Vijana wakanicheka: "Tata, ile bati unatoa wapi?" Nikawaambia, Uhabeshi. Hawajui kama Uhabeshi ni kitu cha kula au cha kuvaa. Nikawaeleza kwamba mwaka wa arobaini Ubeljiji ilianguka mbele ya Hitla kabla hata mwezi haujaisha, wazungu wetu wakalia mbele ya redio kama wajane, na kwamba mwaka uliofuata askari waliowashinda Wataliano pale Saio walikuwa sisi, weusi wa Kongo, wenye njaa, miguu imeoza kwa matope. Wakasema nadanganya.

Mi siwezi kudanganya jambo lile. Wataliano walikuwa juu ya mlima na mizinga yao, sisi chini kwenye mvua. Mitrayezi zao, bunduki za rashasha, zilifyeka majani juu ya vichwa vyetu. Kisimba alikuwa ubavuni pangu, bomu likamkata kiunoni, akabaki akiniomba maji huku miguu yake iko kwingine. Mto Bortai ulijaa maiti za nyumbu wetu wa mizigo na za watu, na wewe ulikuwa umelala kwenye tope na risasi pajani. Nikakubeba. Nilikubeba, Tshilombo, usianze.

Na siku walipoweka silaha chini tukala ini la nyumbu kwa chumvi, tukabadilishana majina. Mtoto wangu wa kwanza wa kiume aitwe wewe, wako aitwe mi. Ulizaa mabinti watupu mpaka nikafikiri umenilia njama, lakini wavulana wakaja, na leo wote wawili wanaishi uani kwako: mwanangu Tshilombo na mwanao Kalumba. Mwambie wa kwangu amwandikie baba yake. Na mkewe Odile ameshika mimba au bado? Mi nataka mjukuu kabla sijafukiwa.

Aliyekubeba,
Kalumba

*

Kolwezi, 26 Julai 1992

Kwa Kaporali Kalumba, mbebwa.

Barua yako imefika pamoja na uongo wake wote. Nimemsomea mke wangu Ndaya, akacheka mpaka akaketi. Risasi ya pajani ni yangu, sikatai, lakini ilinipata baada ya mto. Kabla ya mto ni wewe uliyekuwa mzigo. Beriberi ilikuvimbisha miguu, mtu akibonyeza kidole shimo linabaki. Ulisema, "Niache, Tshilombo, mi nitalala hapa tu." Nikakuweka mgongoni, risasi zinapiga maji pande zote, nawe ukanitapikia shingoni ule mchele mbovu tuliokula wiki nzima. Shingo yangu inakumbuka hata kama kichwa chako kimesahau.

Odile bado. Mwanao mzima, anafanya kazi karakana moja na mwanangu. Wanagombana kama mapacha kuhusu nani ametumia sabuni ya nani.

Huku hewa si nzuri. Redioni wakubwa wa Katanga yenu wanatuita bilulu sisi tuliotoka Kasai, wadudu wa kukung'utwa kwenye nguo. Mi niliona shimo la mgodi wa Mashamba lingali nyasi. Watoto wangu wote wamezaliwa hapa, na Kasai wanaijua kwenye ramani tu. Juzi Mama Fidélie wa nyumba ya pili, ambaye Ndaya alimshika mkono katika kila uzazi wake, alikataa salamu. Akaangalia ukuta. Ndaya alirudi akapika ugali, akausahau motoni mpaka ukaungua.

Labda ni upepo tu. Niandikie kama huko Fungurume upepo huo unavuma.

Aliyekubeba kweli,
Tshilombo

*

Fungurume, 10 Oktoba 1992

Kwa Tshilombo.

Umevuma. Garimoshi la watu wa Likasi lilipita hapa, na nilikwenda kwenye gare, pale stesheni, nikidhani nitamwona mtu ninayemjua. Mabehewa ya kubebea mawe ya madini, bila paa, yamejaa Wakasai mpaka pembeni. Vijana wetu walikuwa wamepanga mawe kando ya reli tangu asubuhi. Wakayarusha. Mama mmoja alipitisha kitoto juu ya ukingo wa behewa, nikanyoosha mikono nikidhani ananipa nimnyweshe maji. Kilikuwa kimekufa zamani. Alitaka tu mtu amzikie. Tumemzika, Tshilombo, nyuma ya kanisa, mi na mke wangu Kabedi.

Likasi! Kule mgodini Shinkolobwe pembeni yake ndiko lilikotoka jiwe la lile bomu lililomaliza vita na Japani. Mji uliosaidia kumaliza vita ya dunia nzima umekosa kumaliza ugomvi na jirani yake.

Lakini sikiliza. Kolwezi haitafika huko. Kolwezi mmechanganyika mno, mmeoana mno. Hizi ni kelele za wanasiasa, na kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Usiuze kitanda wala sufuria. Kaa nyumbani kwako. Wakija, mwanangu atasimama mlangoni na kuwaambia baba yake ni nani.

Wako,
Kalumba

*

Kolwezi, 22 Novemba 1992

Kwa ndugu yangu Kalumba.

Leo siandiki kwa mchezo, kwa hiyo usitafute mchezo.

Unamkumbuka Kazadi? Kule juu, karibu na Saio, baridi ilipotushika mifupa, alimvua Mtaliano aliyekufa koti lake, akalivaa. Koti zuri, la sufu, vifungo vya shaba. Akaenda kuteka maji. Aliporudi, mlinzi wetu aliona koti, hakuona mtu. Kazadi aliita kwa Kiswahili, "Ni mi! Ni mi Kazadi!" Wote tulimsikia. Mlinzi naye alisikia, lakini kidole chake kilikuwa kimeshaamini koti. Ilimpata kooni. Tulipofika alikuwa bado anajaribu kusema jina lake na povu la damu linatoka badala ya neno.

Kalumba, jina langu ni koti la Mtaliano, na mwanao amelivaa.

Karakana nzima inamjua, hao hawana shida. Lakini sasa kuna vijana wanaotoka mitaa mingine, hata Mutoshi, wanasimamisha watu na kuuliza karte ya utambulisho. Karte yake inasema Tshilombo. Mara mbili ameponea kwa sababu mtu aliyemjua alipita. Anatoka sana siku hizi, anarudi amechoka, hataki kuniambia anatoka wapi, nami simsukumi.

Kwa desturi yetu jina la kupewa halivuliwi mpaka mwenye jina alichukue tena kwa mdomo wake. Basi nalichukua tena. Mimi Tshilombo nachukua jina langu kutoka kwa mwanao, kwa moyo mweupe, mbele ya Ndaya anayeniangalia nikiandika. Nenda kwenye ofisi ya komine yenu, umwandikishe jina la baba yako, jina la mjomba, jina la mbuzi ukipenda. Fanya kabla ya Noeli.

Ndugu yako,
Tshilombo

*

Fungurume, 6 Desemba 1992

Kwa Tshilombo.

Umenitukana, na umenitukana kwa maandishi ili niweze kusoma tena.

Kwa hiyo ndugu akiogopa anarudisha ini la nyumbu alilokula? Utalitapika? Nilikuwa nawe Asosa tulipoingia na visu kwenye bunduki. Nilikuwa nawe jangwani tulipotoka Nijeria hadi Misri. Walipotupeleka kulinda maghala karibu na El Alamein, vita imeshapita, tuliokota viatu kwenye mchanga na viatu vilikuwa na miguu ndani. Wewe ndiye uliyeniambia siku ile kwamba Mjerumani amevunjika uti wa mgongo hapa, sasa tutarudi nyumbani tuzae. Tukarudi. Tukazaa. Na sasa unataka nimwendee karani wa komine, kijana asiyejua Saio, nimwambie, futa?

Najua unachokifanya. Unaona watu wangu wanawafukuza watu wako, na umekasirika, na kwa kuwa huwezi kuwapiga wao unanipiga mi. Unavunja undugu kwa adabu, kama mtu anayerudisha sufuria iliyooshwa. Sema wazi basi: hutaki tena jina lako likae kwenye nyumba ya Mukatanga.

Silirudishi. Jina si shati. Mwanangu ni Tshilombo na atazikwa Tshilombo. Atakayemuuliza, aje aniulize mi hapa Fungurume, nitamjibu nikiwa nimevaa medali.

Kabedi anasema niandike vizuri. Nimeandika vizuri.

Kalumba

*

Kolwezi, kwenye gare, 29 Machi 1993

Kwa Kalumba.

Miezi yote hii sikujibu kwa sababu hasira yako ilikuwa kubwa kuliko karatasi niliyokuwa nayo. Sasa hasira haina nafasi.

Wale vijana walikuja mchana. Walianza na nyumba ya mwalimu wa mwisho wa barabara. Walimtoa, wakamwambia aimbe, alipomaliza kuimba wakampiga kichwani na nyundo za mgodini, zile zile tulizogawiwa kazini. Nyumba yangu imeungua yote. Mama Fidélie alisimama mlangoni kwake na kitambaa mdomoni. Nilidhani anatucheka. Kumbe alikuwa analia.

Aliyetutoa ni mwanao. Alikuja amefunga kitambaa chekundu kichwani kama wao, kumbe kwao ndiko alikokuwa akishinda, ana rungu, anapiga kelele kuliko wote: "Hii muzee ni ya mi! Mi njo nitamufukuza, mi mwenyewe!" Akatusukuma mbele yake hadi gare, ananitukana njia nzima kwa sauti, na kwa sauti ndogo ananiambia, "Tata, usianguke, tata, angalia jiwe." Mwanangu Kalumba alipita bila taabu. Kila bariere, pale walipoziba njia, alionyesha karte, wakasoma Kalumba, wakampigia saluti.

Tuko maelfu hapa kando ya reli, chini ya mahema ya magunia. Surua inawamaliza watoto. Unakumbuka Haifa, tulipolinda bandari? Wale watu waliomkimbia Hitla, walioshuka melini, wamebeba saa za ukutani na mashine za cherehani, wamefukuzwa kwao kwa ajili ya majina yao? Uliniuliza, "Mtu anakimbia na saa ya ukutani ya nini?" Ndaya ametoka motoni ameshika mwiko. Hataki kuuweka chini.

Odile alikuwa ameenda kwa mama yake Mutoshi, ana mimba ya miezi sita, hatukutaka kukuandikia mpaka ugomvi upoe. Watoto wetu wawili wameondoka asubuhi kwenda kumchukua. Wakirudi nitampa mwanao barua hii aiandikie maneno yake chini.

Tshilombo

*

Fungurume, 8 Aprili 1993

Kwa Tshilombo.

Barua yako imefika bila maneno ya mwanangu chini.

Sadiki amemleta Odile. Alimkuta Mutoshi, akampakia katikati ya magunia, akamfunika kwa turubai hadi hapa. Odile anasema alimngoja mumewe na hakuja mtu. Nilimuuliza Sadiki, akaanza kukagua magurudumu. Mtu aliyebeba barua zetu miaka yote, leo haniangalii usoni. Nikamwambia nipeleke Kolwezi, akasema, "Tata, gari iko na mizigo mingi," na gari lilikuwa tupu, Tshilombo. Niliona mwenyewe lilikuwa tupu.

Labda amejificha. Ni kijana mjanja, si umeandika mwenyewe jinsi alivyokupitisha? Labda yuko na wale vijana, ameshindwa kuwaacha. Kama amefanya ubaya pamoja nao, niambie, nitamchapa mi mwenyewe, lakini niambie. Kama amevunjika mguu, niambie ni mguu upi. Kabedi amemtandikia kitanda.

Naomba. Unajua ni mara ngapi nimekuomba kitu.

Kalumba

*

Kolwezi, kwenye gare, 15 Aprili 1993

Kwa ndugu yangu Kalumba. Keti kwanza. Mwite Kabedi akae karibu.

Mwanao amekufa. Alikufa siku ile ile niliyokuandikia, kwenye bariere ya njia ya Mutoshi. Nilijua kabla Sadiki hajaondoka na barua ile, na nikamwacha aondoke nayo, kwa sababu sikuweza kuifungua na kuongeza neno hilo. Nikamtuma kwa Odile, nikamkataza kukuambia. Usimlaumu.

Ninakupa yote, maana wewe ni askari na utaniuliza.

Vijana wa bariere ile walikuwa wageni, hawakumjua. Walikuwa wamekunywa. Kitambaa chekundu hakikuwatosha, wakataka karte. Wakasoma Tshilombo. Wakasema, "Mukasai huyu, anajifunga kitambaa yetu." Akawaambia, "Mi ni mutoto ya Katanga. Baba yangu anaitwa Kalumba, eko Fungurume. Hii jina ni ya rafiki yake ya vita." Wakacheka. Mmoja akasema, "Leo kila kilulu iko na baba Mukatanga."

Mwanangu alikuwa ameshapita. Alirudi. Huyu niliyemzaa, Kalumba, alirudi kwenye bariere, akasimama mbele yao akasema, "Mumuache. Huyu njo Mukatanga ya kweli. Mukasai ni mi." Alisema mara nyingi. Akawaambia baba yake ni mimi, mama yake ni Ndaya, akawaambia walikuja kutoka Mwene-Ditu kule Kasai. Akajaribu hata kusema Kiluba cha kwetu, lakini anajua maneno machache tu, wakasema hata Mukatanga anaweza kujifunza hayo. Walimnyang'anya karte wakasoma tena, Kalumba. Wakamwambia, "Weye uko mulevi. Enda kwenu." Alipowashika, wakamvunja mkono kwa rungu, lakini hawakumuua, maana hawaui watu wao.

Mwanao walimpiga na nyundo. Nadhani ya kwanza ilitosha, lakini hawakuacha kwa ya kwanza. Walileta na petroli, ikawa kidogo, ikaunguza mikono na kifua. Uso ulibaki. Nimeuosha mimi.

Mwanangu alikuja kuniita. Kwa mkono wake ule asingeweza kubeba, na hapa gare kila mtu ana maiti yake. Nilikwenda. Wale vijana walikuwa wamekwisha kuhamia kwingine. Nikamweka mgongoni, Ndaya akashika miguu isiburute, tukaja naye tukipumzika kwenye kila nguzo ya umeme. Alikuwa mzito kuliko wewe siku ile.

Tumemzika kando ya reli, upande wa miti ya mikaratusi, pamoja na watoto wa surua. Padri alisema sala. Nimeweka msalaba wa mbao za sanduku bila jina, kwa sababu makaburi yenye majina yetu wanayafukua.

Nilikuambia uvue koti lile. Sitarudia tena kusema hivyo maisha yangu yote, nimesema mara hii moja kwa sababu kifua kinaniuma. Alikuwa mwanao, na alikuwa mimi. Nimezikwa kando ya reli, Kalumba.

Wanasema garimoshi la Mwene-Ditu linakuja wiki hii.

Tshilombo

*

Fungurume, 3 Julai 1993

Kwa Kaporali Tshilombo, huko Mwene-Ditu, kwa mkono wa dereva wa garimoshi.

Ni siku ya Saio, na mi ndiye nimeshika kalamu kwanza.

Barua yako ilinilaza. Kabedi alilia kwa siku nyingi, kisha siku moja akanigeukia akasema, "Alikurudishia mutoto. Kwa mukono yake alikurudishia, na ukakatala."  Nilipewa ngao ya mwanangu nikadhani ni tusi. Mi niliyekuwa pale Kazadi alipopigwa! Nilimsikia akiita jina lake kama ulivyomsikia wewe, na bado sikuelewa.

Mwezi wa tano nilikwenda Kolwezi. Nilivaa koti na medali. Gare ni tupu sasa, kuna vyungu vilivyovunjika na viatu vya watoto. Nikaukuta msalaba wako kwenye mikaratusi. Nilikuwa na kopo la rangi nyeusi. Nikaanza kuandika, herufi kubwa. Wakaja vijana watatu, kitambaa kichwani.

"Muzee, unaandika jina ya nani? Ya Mukasai?"

Nikasema, "Ya mutoto yangu."

"Weye ni nani?"

"Mi ni Kalumba. Baba yangu ni wa Manono ya Katanga, na baba ya baba yangu. Nilipiganisha Wataliano ku Saio. Majenerali yao, bazungu, nilibaona banakaa chini mu matope na banatoa visu yao na kutupatia. Hapo hatukuuliza mutu iko wa wapi. Munataka kuniua, muniue, lakini mungoje nimalize jina."

Waliangaliana. Mmoja wao, mdogo, alitoa kitambaa kichwani. Sijui kama ni kwa heshima au ni jua. Wakaondoka. Nikamaliza: TSHILOMBO, MWANA WA KALUMBA. Kama watafukua, na wafukue. Nilikuwa nimesema atazikwa Tshilombo, na angalau neno hilo nimelitimiza, Mungu anisamehe kwa kinywa changu.

Sasa jambo la leo. Odile amejifungua. Ni mvulana, ana kichwa kikubwa, analia kama tarumbeta ya kambini. Kabedi na ndugu zake wanasema nisithubutu kumwita Tshilombo. Desturi inasema jina la aliyekufa lirudi kwa mtoto, lakini jina lile ni lako, si langu, na safari hii silichukui bila kukuuliza. Mtoto hana jina mpaka sasa. Tunamwita mutoto tu. Ukilitoa, nitalipokea kwa mikono miwili. Ukilizuia, nitajua kwa nini, na sitasema umenitukana.

Na kuhusu mto. Kila mwaka nimebisha. Ulimbeba mwanangu kutoka bariere mpaka kaburini, wewe mwenye risasi pajani. Mwaka huu sibishi. Ni wewe uliyenibeba.

Kalumba

*

Mwene-Ditu, 1 Agosti 1993

Kwa ndugu yangu Kalumba.

Tumefika. Ndaya hakufika, alitufia njiani karibu na Kamina, tumbo la kuhara. Mwiko wake nimeuzika naye. Hapa tunaitwa Wakatanga. Jirani alimuuliza mwanangu jina, akasema Kalumba, akaambiwa, "Basi rudini kwenu." Mkono wake umepona vibaya, haunyooki.  Alipoisoma barua yako alitoka nje, na aliporudi akaomba nikuandikie kwamba alisema ukweli wote pale barierani na haukumsaidia kitu.

Nimefikiria kuhusu mtoto. Nilitaka kukupa. Nilishaandika barua nyingine ya kukupa, nikaichana.

Jina langu silitoi. Liache kando ya reli na aliyelivaa. Mwite mtoto Kalumba. Babu yake ni Kalumba, hakuna bariere itakayomuuliza kitu, na mwanangu amesema umsalimie huyo wajina wake.

Kuhusu mto umekosea. Wewe ndiye uliyenibeba.

Tshilombo